Mkono Mtupu

Mwaka wa kwanza nilimcheka Muzna.
Polisi gani huyu, nikamwambia jirani,
hana bastola, hana pingu, hana hata gari;
ana tochi, ana redio inayokoroma kiunoni,
na daftari la kijani kama la mtoto wa shule.
Saa kumi na moja, jua la Mabela bado linauma kisogo,
yeye keshaanza: mtaa wa maduka, uchochoro wa nyuma,
anasukuma mageti kwa kidole
aone lipi limesahauliwa wazi.

Sheria haikumpa kukamata.
Ilimpa kupita.
Na kupita, nikasema, hata paka hupita.

Kisha Shofikul wa dobi akaibiwa baiskeli,
ile yenye kapu mbele.
Hakwenda kituoni. Aliogopa
wataanza na karatasi zake kabla ya baiskeli.
Muzna alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa,
anangoja sare yake ipigwe pasi,
akaona msumari mtupu ukutani.
Hakuuliza habari za mwizi. Aliuliza,
"Leo umekuja kwa miguu?"

Wavulana wawili, nyumba ya tatu kupita msikiti,
mama yao yu zamu za usiku hospitali.
Hakuita doria. Alimwita mama.
Wiki mbili wale vijana walibeba kanzu za watu,
mikono juu, zisiburure vumbi,
mlango hadi mlango. Yangu wakaileta.
Nikatoa baisa mia.
"Tumekatazwa kupokea."
Siku ile sikucheka. Chai, hata hivyo, sikumkaribisha.

Mama yangu alizaliwa Kikwajuni.
Miaka sitini ya Maskati ilimtoka kichwani
kama maji ya falaji lililopasuka,
Kiarabu kwanza, halafu majina yetu.
Kikabaki Kiswahili, na njia ya kwenda kwao.
Agosti, saa tisa usiku, nikakuta mlango wazi,
shuka bado ina joto lake,
nikatoka mbio pekupeku, lami inachoma hata gizani,
naita, na viyoyozi vya mtaa mzima
vinanijibu vuu.

Shofikul, anayelala nyuma ya duka,
aliiona kanga ikipita dirishani.
Hakupiga simu kituoni. Alimpigia Muzna,
aliyekuwa nyumbani kwake, zamu imekwisha, nywele mafutani.

Alimkuta kwenye bonde kavu la wadi,
kakaa juu ya jiwe, anangoja watu wa harusi.
Mwingine angemwambia: Bibi, hapa ni Omani.
Muzna, ambaye Kiswahili chake ni makombo ya nyanya yake,
salamu, matusi mawili na majina ya vyakula,
alisema, "Hodi."
Mama akajisogeza, akampa nusu ya jiwe.
"Karibu, mwanangu."
Wakaanza kutaja vyakula, mmoja hiki, mwingine kile:
boko-boko. Kachori. Visheti. Mkate wa ufuta.
Nilipofika nikihema walikuwa kwenye achari,
wanabishana.

Daftari lilikuwa wazi chini ya tochi,
na ukurasa wetu, wino umeshafifia:
*Nyumba ya geti la kahawia. Komeo limelegea.
Bibi hupenda visheti.
Mwanawe mkali, ila humchana nywele mwenyewe.*

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga.
Sawa. Lakini Mama aliushika
mpaka mlangoni, hakuuachia,
ikabidi Muzna aingie nao ndani,
anywe chai yangu alfajiri ile.

Sasa wamemhamishia Barka.
Wamemleta Azzan, kijana, hatua ndefu,
macho kwenye simu.
Komeo nililikaza zamani; Mama halihitaji tena.
Jana nimekaa barazani na sahani ya visheti,
nikamwita: kaa. Andika.
Geti la buluu, taa ya juu ikizimika kabla ya isha, gonga.
Yule mwenye mbuzi haongei, lakini husikia.
Shofikul ana kifua.
Akaandika kwenye simu, kwa kidole kimoja, polepole.

Kila alasiri sasa huliacha geti wazi kidogo,
upana wa kiganja,
nione kama atalisukuma.